Whose Line Is It Anyway: ya Waingereza ilikuwa vichekesho, ya Wamarekani ni makelele. Nani anabisha?

#1 Mzee wa Rimoti
Wakuu salaam. Wiki ya pili hii mgongo umenilaza, daktari kanikataza kunyanyua hata ndoo, basi nimebaki na simu nafukunyua YouTube. Nimejikuta narudia Whose Line Is It Anyway, zote mbili, ile ya Channel 4 ya Uingereza na ile ya ABC ya Marekani.

Kwa asiyeijua: watu wanne wamekaa kwenye viti, hawana skripti. Mwendeshaji anawatupia hali yoyote, mathalani mmoja daktari wa meno na mwenzake ndiye jino, nao wanaigiza papo hapo. Mchezo ukiisha anagawa pointi ambazo hazinunui hata kiberiti.

Hoja yangu ni hii. Ya Uingereza ilitaka uwe na kitu kichwani. Kulikuwa na mchezo unaitwa Authors: kila mmoja anachagua mwandishi, halafu wanasimulia hadithi moja kwa kupokezana, kila mtu kwa mtindo wa mwandishi wake. John Sessions, mmoja wa wachezaji wake, akishika hapo unadhani alizaliwa maktaba. Njoo Marekani sasa: nyimbo, kurukaruka, kuvaa mawigi, mwendeshaji wao Drew Carey anacheka hadi anapiga meza. Nikiangalia ile najisikia nimekaa kwenye basi la wanafunzi.

Haya, karibuni mnitukane.

#2 Nyanya Chungu
Nawahi siti ya dirishani. Wajuvi waje.

#3 Kijana wa Coventry
Mkuu pole na mgongo, ila hapo umechemka. Hiyo unayoiita "ya Waingereza" nusu ya watu wake hawakuwa Waingereza. Mike McShane Mmarekani. Greg Proops Mmarekani. Ryan Stiles alizaliwa Seattle, akakulia Kanada, na alishaonekana Channel 4 tangu 1989. Colin Mochrie alifuata 1991. Hao wawili ndio nguzo za ABC miaka ya baadaye, na walipikiwa London.

Tena msimu wa kumi na wa mwisho wa Channel 4 ulirekodiwa Los Angeles, na Wayne Brady alikuwemo. Sasa hebu nitenganishie: Uingereza iliishia wapi na Marekani ikaanzia wapi?

#4 Mama Sauda wa Makadara
Mimi nasimama na Marekani na sioni haya. Sababu yangu ni moja tu, Wayne Brady. Mtu unampa kazi ya mtu aliye ukumbini, fundi bomba sijui muuza viatu, unamtajia na aina ya muziki, hapo hapo anaimba wimbo mzima wenye kiitikio. Mimi nimekulia nyumba ya taarabu, najua tofauti ya anayetafuta kina na anayekutwa na kina. Yule kina kinamfuata yeye. Na mwaka 2003 alipewa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo hiyo, si maneno yangu.

Hao wa Uingereza waliimba pia, lakini wengi walikuwa wasemaji waliolazimishwa kuimba.

#5 Mzee wa Rimoti
@Mama Sauda Josie Lawrence wa Channel 4 je? Yule alikuwa anasimama peke yake anaimba opera ya mashine ya kufulia, na sauti anayo.

@Kijana wa Coventry nakubali orodha, sikubali hitimisho. Wachezaji wa Brazil wakija kucheza Ulaya wanacheza kwa mfumo wa kocha. Swali ni kocha nani.

#6 Wakili wa Vijiweni
Mleta uzi kagusa penyewe bila kujijua. Kocha ndiye tofauti yote.

Clive Anderson, mwendeshaji wa ile ya Channel 4, alikuwa wakili wa mahakamani kabla ya kuingia kwenye televisheni. Mwangalie anavyokaa. Anamwachia shahidi aongee mpaka ajifunge, halafu anachomeka sentensi moja. Yeye hachezi, anahoji. Wachekeshaji wanajua wakizembea atawararua, kwa hiyo wanamrarua kwanza: hana shingo, nywele zimekimbia. Kuna ugomvi mdogo wa adabu muda wote.

Drew Carey ni mwenye nyumba aliyealika marafiki. Anacheka kuliko walio ukumbini. Mwishoni anashuka mezani anakuja kucheza nao, na anaharibu, na kuharibu kwenyewe kunakuwa kichekesho. Kumbukeni pia Ryan alikuwa anaigiza kwenye The Drew Carey Show, hapo hapo ABC, kwa hiyo wale walikuwa wanafahamiana nje ya kiti.

Binafsi napenda kuchekeshwa na watu wanaoogopana kidogo.

#7 Otieno Bila Jaketi
Wakili umeongea kama bado unalipwa kwa saa 😂

Sisi Nairobi hii kitu tunaijua tangu shule ya msingi, inaitwa mchongoano. "Nyinyi ni maskini hadi mende wa kwenu wanabeba chakula kutoka kwa jirani." Ukikosa jibu ndani ya sekunde mbili umeisha, darasa lote linakupigia meza. Hakuna skripti, hakuna Clive.

#8 Nyanya Chungu
Sekunde mbili tena? Sisi kwetu ukinyamaza tu ushashindwa.

#9 Tomaso Mwenye Shaka
Niseme kitu mtanichukia. Ile haikuwa papo kwa papo. Haiwezekani. Mtu anatajiwa mada na anaimba beti yenye vina palepale, na mzaha unakaa mshororo wa mwisho kama umepimwa kwa rula? Wanapewa mada chumba cha kuvalia, wanajiandaa, wanatoka wanajifanya kushangaa.

Na Marekani ndio zaidi. Mwangalie Clive: anauliza walioko ukumbini, wanampigia kelele, anachagua moja tunasikia wote. Drew mara nyingi anasoma kwenye kadi. Kadi kaandika nani?

#10 Fundi Mkasi
@Tomaso nimepiga video za harusi Arusha na Moshi miaka kumi na moja, nikujibu kifundi.

Harusi iliyochukua saa sita naikabidhi kama diski yenye urefu wa saa mbili. Kwenye zile saa sita MC kasema vichekesho arobaini, thelathini vimekufa mikononi mwake. Kwenye diski vinaonekana kumi. Mteja akitazama anasema yule MC noma, kila anachosema watu wanavunjika mbavu.

Whose Line, ya London na ya Los Angeles, ilirekodiwa kwa muda mrefu kuliko tunaouona, halafu ikakatwa. Michezo iliyododa haukuiona. Huo ni mkasi, uongo haumo. Hata idadi ya vipindi inaeleweka hivyo: usiku mmoja wa kurekodi unaweza kukupa kipindi zaidi ya kimoja ukijua kukata.

Tofauti ninayoiona mimi ni mkono wa mkataji. Channel 4 anaacha kimya kidogo. Unaona mtu anatafuta, macho yanazunguka, halafu anapata. ABC wanakimbiza, mchezo unakatwa kwenye kicheko kikubwa cha kwanza, tangazo, mchezo mwingine. Ndiyo maana mleta uzi anasikia makelele. Sauti ni ile ile, imeondolewa pumzi tu.

#11 Mama Sauda wa Makadara
Fundi hapo umenifungua macho. Na kuhusu vina, Tomaso mwanangu, ile Hoedown wanayoiimba pamoja muziki wake haubadiliki, ni ule ule kila siku. Ubeti mfupi, watu wanapokezana, mzaha unawekwa mwisho. Ukishajua mshororo wa mwisho unarudi nyuma unautafutia mwenzake wa kina. Ngonjera za shuleni tulifanya hivyo hivyo, tena mwalimu kashika fimbo.

Shida ipo kwa anayeimba mwisho. Ana muda mrefu wa kufikiri kuliko wote, lakini wenzake wanaweza kummalizia kina chake mdomoni. Ndio maana Ryan Stiles aliichukia Hoedown waziwazi, na chuki yake ikawa sehemu ya kipindi.

#12 Tomaso Mwenye Shaka
Bado kadi hamjaijibu.

#13 Dada wa Calgary
Nimefika nimechelewa, huku kwetu kumekucha sasa hivi. Mnagombania mtoto, na mama yake mmemsahau.

Keith Johnstone alikuwa Mwingereza, mwalimu, aliyefanya kazi Royal Court Theatre pale London. Enzi hizo mchezo wa jukwaani Uingereza ulipaswa kupelekwa kwa Lord Chamberlain, afisa wa kifalme, ukaguliwe maneno kabla ya kuonyeshwa, na hali hiyo ikadumu mpaka sheria ya 1968. Sasa mchezo usioandikwa utaupelekaje ukaguliwe? Kuigiza papo kwa papo mbele ya watu kulikuwa karibu na kosa la jinai. Baadaye akahamia hapa Calgary, na 1977 akawa miongoni mwa walioanzisha kundi la maigizo la Loose Moose, ndiko Theatresports ilikokulia: timu mbili za waigizaji zinashindana, waamuzi wanatoa pointi. Wazo alilipata kwa kutazama mieleka, aliona watu wanavyopagawa ukumbini akatamani ukumbi wa maigizo uwe vile.

Theatresports ikafika Vancouver, na Ryan na Colin wametokea huko. Kwa hiyo wazo limetoka London, likakua Kanada, likarudi London kwenye Channel 4, ndipo likaenda Hollywood. Mkisema Uingereza dhidi ya Marekani mnaniruka mimi na theluji yangu.

#14 Kijana wa Coventry
Dada wa Calgary chukua tano. Hata hivyo usiiruke Chicago. Viola Spolin na michezo yake ya kufundishia waigizaji, halafu Second City, kundi la vichekesho, ikafunguliwa Chicago 1959. Wamarekani walikuwa na mto wao wenyewe, na Ryan alipitia Second City pia.

Niongeze kwa mleta uzi: ilianza redioni, BBC Radio 4, mwanzoni mwa 1988, Clive yuleyule, John Sessions na Stephen Fry wakiwa wachezaji wa kudumu. Mwaka huo huo ikahamia Channel 4. Ukijua ilizaliwa redioni unaelewa kwa nini misimu ya mwanzo ni maneno matupu.

#15 Mzee wa Rimoti
"Maneno matupu" unamaanisha maneno mengi au unanitukana?

#16 Kijana wa Coventry
Yote mawili mkuu 😂

#17 Wakili wa Vijiweni
Hoja ya redio ni nzito. Lakini mbona Authors ilififia kabla ABC hawajagusa chochote? Sessions aliondoka baada ya misimu ya mwanzo, Tony Slattery akabaki hadi katikati ya miaka ya 90, na kadiri Ryan na Colin walivyozoeana, michezo ya mwili ikaongezeka. Mmoja anaongea, mwingine anakuwa mikono yake kwa nyuma na kumlisha vitu mdomoni. Tazama msimu wa pili halafu msimu wa tisa, zote Channel 4. Kuna mabonde na milima kati yake kuliko kati ya msimu wa tisa na ABC.

Kwa hiyo labda tunalinganisha 1988 na 1998, nchi tumezisingizia.

Nimesema labda. Asije mtu kunifunga nayo.

#18 Bint Kiembesamaki
Asalaam alaykum. Mnasahau saa. Channel 4 ilikuwa inarushwa usiku, na Uingereza baada ya saa tatu usiku wanalegeza kamba, maneno ya watu wazima yanapita. ABC ni televisheni ya kila nyumba, kuna kipindi waliwekwa saa mbili usiku Alhamisi wakabanwa na vipindi vya vituo vingine, Friends upande mmoja na Survivor upande wa pili. Hapo unachekesha huku mkaguzi kakukalia shingoni. Ndiyo maana unasikia pii, na Drew anarudi kuicheka ile pii yenyewe.

Mimi nadhani kule kubanwa kuliwasaidia. Mtu aliyekatazwa kusema neno analizunguka, na kuzunguka ndiko kunakochekesha. Bibi yangu hakuwahi kutamka tusi maisha yake yote na hakuna aliyethubutu kumkalia karibu harusini.

#19 Otieno Bila Jaketi
Bibi yako aletwe kwa kipindi.

#20 Mjukuu wa Mnyamwezi
Nimesoma uzi wote kimya, ila Tomaso kanichokoza na huo wasiwasi wake kwamba papo kwa papo haiwezekani.

Babu yangu alifia Dar, tukamzika Kinondoni. Sisi Wanyamwezi, na Wazaramo ni watani zetu. Tumeshafika makaburini, shimo tayari, sheikh anasubiri, ghafla jamaa mmoja mtani, mzee wa miaka sitini, karuka ndani ya kaburi kalala. Chali. Kavuka mikono kifuani. Akasema amewahi nafasi, mwenye jeneza akatafute shimo lingine au alipe kodi ya miezi sita. Baba yangu, ambaye tangu asubuhi hakufungua mdomo, akamwambia "toka, hilo la watu warefu, wewe tutakuchimbia la kopo." Yule mzee akajibu humo humo chini, "kopo langu lina mfuniko, babu yenu alikuwa anafunga mlango kwa kamba."

Watu walicheka wakiwa na machozi usoni. Ikatolewa elfu kumi, akapandishwa, akajipangusa udongo, na ndiye aliyepokea maiti. Nani alimpa kadi?

#21 Nyanya Chungu
Duh.

#22 Tomaso Mwenye Shaka
Hiyo nimeikubali. Ila hakuwa na kinanda nyuma yake.

#23 Dada wa Calgary
@Mjukuu umenikumbusha mbali. Nilijiunga na darasa la hizi mambo hapa mwaka juzi ili nipunguze woga wa Kiingereza. Kanuni ya kwanza wanakufundisha: mwenzako akisema kitu, kubali, halafu ongeza chako juu yake. Usikatae. Akisema wewe ni ngamia, wewe ni ngamia, ila mwenye nundu mbili na deni la benki. Huyo mtani alikubali kuwa wa kopo, akaongeza mfuniko. Angesema "mimi si mfupi" mchezo ungekufa palepale.

Mimi siku ya kwanza niliambiwa nahodha kaniita kwenye meli, nikajibu "hapana, mimi sijui kuogelea." Darasa zima likabaki linanitazama.

Na kwa macho hayo nikirudi kwenye mada, naona Waingereza wa mwanzo walikuwa wanachezea pointi zao binafsi. Sessions anang'aa, Slattery anang'aa, kila mtu na taa yake. Ryan na Colin ndio walionibadilisha mawazo: mmoja anamtupia mwenzake shimo makusudi, mwenzake anaingia akijua atatolewa. Colin anatajwa upara kila kipindi naye anautumia kama nyenzo ya kazi.

#24 Mzee wa Rimoti
Sasa hapa nitapinga kwa nguvu, mgongo ukiruhusu. Hiyo ya kutaja upara kila kipindi ndiyo inayonichosha. Upara wa Colin, urefu wa Ryan na viatu vyake, unene wa Drew. Ukishatazama vipindi ishirini unaujua mzaha kabla haujafika. Hiyo papo kwa papo iko wapi? Hao walishajiandikia skripti bila kalamu.

Slattery ulikuwa hujui atafanya nini. Wakati mwingine hata yeye. Alifariki Januari 2025, na Sessions 2020, wote wawili sasa hatunao, nikiwatazama naumia.

#25 Bint Kiembesamaki
Mungu awape wepesi jamaa zao. Lakini Mzee, mzaha wa kurudiwa ndio unaowafanya watu warudi Alhamisi ijayo. Mbona utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni uleule miaka mia na hamjauchoka?

#26 Mjukuu wa Mnyamwezi
Nani kakwambia hatujauchoka.

#27 Fundi Mkasi
Hakuna aliyeitaja ile ya tatu? Iliyofufuliwa na CW, kituo kingine cha Marekani, 2013, mwendeshaji Aisha Tyler. Wayne, Ryan na Colin walewale, mvi zimeingia, kiti cha nne mgeni tofauti kila mara, na mtu maarufu anaalikwa acheze nao. Imekwenda mpaka 2024. Kwa miaka imeishinda kidogo ya Channel 4, ambayo ilikoma 1999.

Ukikaa ukazitazama mfululizo unawaona watu watatu wanazeeka pamoja. Ryan wa 1989 mwembamba kama mlingoti, na wa 2020 anainama kwa tahadhari kama mleta uzi.

#28 Mama Sauda wa Makadara
Aisha nampenda, ila wale wageni maarufu waliniudhi. Unamleta mtu kwa sura yake anasimama katikati ya mafundi hajui ashike wapi. Yule mmoja tu nitamsamehe, Richard Simmons, yule mwalimu wa mazoezi wa televisheni, na huyo ilikuwa enzi za Drew: walimfanya vifaa vya jukwaani kwenye mchezo wa Living Scenery, Drew alikaribia kuzimia kwa kucheka.

#29 Wakili wa Vijiweni
Living Scenery ya Richard Simmons ni ushahidi wa upande wa Marekani, nakiri mbele ya baraza. Hapo Clive angeweza kufanya nini? Angesema kitu kikali, kipande kingepoa. Drew alianguka juu ya meza, na kuanguka kwake kukatupa ruhusa ya kuanguka sisi.

Kwa hiyo najipinga post namba 6. Nusu.

#30 Otieno Bila Jaketi
Nusu ya wakili bado ni bili nzima.

Lakini mimi niulize, huku kwetu kwa nini hakuna? Vichekesho tunavyo, Vitimbi tumekula nayo ugali, Redykyulass walimwiga Rais Moi tukashangaa bado wako nje. Mchongoano, ngonjera, utani wa makaburini, malighafi imejaa. Mtu aweke viti vinne tu.

#31 Mjukuu wa Mnyamwezi
Viti vinne tutapata. Wadhamini wataomba kuona skripti.

#32 Kijana wa Coventry
Lord Chamberlain karudi 😂

Ila tukirudi kwenye jina, mnajua maana yake? Kuna mchezo wa kuigiza wa Brian Clark unaitwa Whose Life Is It Anyway, wa mgonjwa aliyepooza anayedai haki ya kuamua kifo chake. Na kulikuwa na kipindi cha zamani What's My Line. Wakachanganya vyote viwili. Kwa hiyo watu wanacheka miaka thelathini na zaidi kwenye jina lililoanzia kitandani hospitali.

#33 Mzee wa Rimoti
Nami niko kitandani, sawa, nimeelewa ujumbe.

Sijabadilika. Ila jana usiku, nakiri, nilitazama vipande vya Colin akiwa ripota mbele ya pazia la kijani, hajui picha iliyowekwa nyuma yake, wenzake wanamuuliza maswali. Ya ABC. Nilicheka mgongo ukakatika upya. Mke wangu kanifungia intaneti.

#34 Nyanya Chungu
Kwa hiyo ya Wamarekani imekulaza tena wiki mbili.

#35 Tomaso Mwenye Shaka
Kabla uzi haujalala: yule mpiga kinanda wa Channel 4, Richard Vranch, nasikia ni msomi wa fizikia. Kweli au mnanitania?

#36 Kijana wa Coventry
Kweli kabisa, ana udaktari wa fizikia. Upande wa ABC kinanda ni Laura Hall, na gitaa Linda Taylor. Hao wanastahili uzi wao, kwa sababu anayeimba bila kujua atasema nini, wao wanapiga bila kujua ataimba nini.

#37 Tomaso Mwenye Shaka
Daktari wa fizikia anasubiri mtu aimbe kuhusu mashine ya kufulia. Mjomba wangu naye alisomea uhandisi, sasa hivi anauza vifaranga Mbagala. Na kadi bado hamjaijibu.